Leso, Mswaki na Kufuli

Nikiwaambia mtacheka, na mcheke tu, maana Kawangware ilishanicheka kabla yenu.

Nilipata kazi ya kukusanya vijana wa mtaa huo wa Nairobi, wa huko tu, kwa ajili ya utafiti wa madam mmoja wa chuo kikuu, wale vijana ambao hakuna anayewauliza lolote, na kila mmoja alipewa kamera akapige picha ya kitu kinachomfungia nje ya maisha, kisha aje aieleze mbele ya wenzake. (Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, wadogo wangu wakanitazama mimi, kwa hivyo kazi hiyo niliishika kwa meno.) Siku ya kugawa kamera msichana mmoja hakutokea, nami badala ya kusema ukweli nikampigia simu dadangu Atieno, aje mbio kutoka kwetu Kisumu Ndogo, kule Kibera.

"Sema unakaa Kawangware," nikamwonya. "Na hunijui."

"Sawa, Braza. Sikujui."

Wiki iliyofuata picha zikaonyeshwa ukutani, kubwa kama mlango: mtaro wa maji taka, geti la kiwanda, halafu, Mungu wangu, mimi! Asubuhi, nimejifunga kiunoni leso ya marehemu mama, mswaki mdomoni, kufuli mkononi, uso umekunjamana.

"Huyu ni nani?" madam akauliza.

"Simjui," Atieno akajibu, mkavu kabisa. "Lakini giza likiingia ananifungia nje, nalala kwa jirani. Hajawahi kuniuliza nilikuwa wapi. Niko saluni, najifunza kusuka."

"Buda, si ni wewe!" mmoja akapiga kelele. "Na leso imekutoa fiti!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa madam.

"Uongo wako tutauzungumza baadaye," akaniambia. "Vijana wanataka picha hii iende kwenye maonyesho, ila anayeonekana lazima akubali. Unakubali?"

(Sheria hiyo niliwafundisha mimi mwenyewe!) Nikamtazama Atieno. Hakuwa akicheka tena. Nikasema nakubali, nikachomoa ufunguo wa akiba na kumpa mbele ya wote.

Madam alinifokea vizuri, lakini kazi akaniachia. Ijumaa iliyopita nikachelewa huko huko Kawangware, nikafika nyumbani na kukuta komeo limefungwa kwa ndani.

"Nani?"

"Mimi, Braza."

"Simjui," akasema Atieno. "Lakini ulikuwa wapi?"

Nikamweleza yote, nimesimama kwenye matope, majirani wakisikiliza. Na hapo hapo nikaapa: sitampa kamera tena mtu anayejua ninavyoamka.