Historique ya Mutu Mwenye Angali Muzima

Kahongya alikuwa anaandika mu choo. Mu ile parcelle ya kaka yake, Rughenda kule Butembo, karibu na kiwanja ya ndege, choo njo ilikuwa fasi moja tu yenye kuwa na mulango ya kufunga kwa ndani, na hata pale habakumuachaka. Anaingia na simu, anachuchumaa, anaanza phrase ya kwanza, tayari mutu anagonga.

"Kahongya! Unazaa humo?"

Huyo ni Kasonia, kaka yake mukubwa, mwenye moulin ya kusaga unga.

"Nakuja, yaya."

"Bamama bako ku mulango na mabeseni ya muhogo, na wewe unajificha sawa panya!"

Kahongya alikuwa amepita kidogo myaka makumi tatu. Bwana yake alienda kutafuta zahabu, akatafuta na bibi mwengine huko huko, na Kahongya akarudia kwa kaka yake na mufuko moja ya bikwembe bya kujifunga. Mwanamuke wa kurudishwa, hakuna mwenye anamuulizaka kama amechoka. Asubui anawasha moto, anapikia kila mutu, kisha anaingia mu moulin mpaka magaribi, unga mu pua, unga mu masikio. Ile machine inalia vile hata mutu akikutukana mama, unaitikia ndiyo.

Lakini alikuwa na kitu moja ya kwake. Mu simu yake kulikuwa groupe ya kuandika yenye kuitwa Bic Haikauke, ni kusema kalamu isikauke. Mukubwa wa groupe ni Monsieur Hippolyte, mwalimu wa kutoka Kasai, serikali ilimutuma kufundisha ku Beni. Kila asubui anatuma sujet. "Andika harufu ya nguo ya mutu mwenye ameondoka." "Eleza mikono ya baba yako bila kutaja baba." Jua ikizama, kila mutu anatuma texte yake. Ukikosa mara mbili, anakutosha mu groupe. Wenye batafika Pasaka bila kukosa bataitwa ku Beni, kusoma mu salle ya kanisa, ku paroisse, batu bote bamenyamaza.

Kahongya alitaka ile Beni kupita kitu yote. Tangu azaliwe, hakuna mutu alishanyamaza ili yeye aseme.

Na conseils, mashauri, Monsieur alikuwa nazo nyingi! "Amka mbele ya bengine. Tafuta fasi ya kimya. Andika kila siku, saa ile ile." Rahisi kusema, kama bibi yako njo anakuchemshia maji ya kuoga. Siku moja Kahongya aliuliza mu groupe: "Monsieur, na mwenye hana fasi ya kimya?" Monsieur akamujibu na kidole gumba. Ile ya manjano.

Basi fasi ya kimya ikakuja yenyewe, imebebwa na mapikipiki mbili na kitanda ya miti.

Ilikuwa tantine Élise, dada ya baba yao. Ugonjwa ilimupiga kule Kamango, upande wa kushoto yote ikakufa, mukono na muguu. Mutoto wake Jonathan ni déclarant ku Kasindi, anapitisha mizigo ku douane ya mupaka, hana hata wakati wa kunyoa. Akamuleta mama kwa Kasonia, akamubusu ku paji, akarudia kwa malori yake.

Bakakaa mu salon kuangaliana. Nani atamuchunga? Kumuosha, kumulisha, kumugeuza.

"Mimi hapana," Gracieuse akasema. Huyo ni binti ya Kasonia, mutoto wa kupaka makucha rangi kutwa muzima. "Harufu inanipandaka ku kichwa."

"Mimi nitamuchunga," Kahongya akasema.

Bote bakamuangalia. Batu ya parcelle yote balijua vile tantine Élise alimulea. Mama yake Kahongya alikufa wakati mutoto angali anapoteza meno ya utoto, na tantine akamukamata kule Kamango, akamufundisha kazi kwa fimbo. Na leo yeye njo anajitolea! Mama moja wa paroisse akatoa machozi. "Uko na roho ya kweli, Kahongya. Mungu Nyamuhanga anakuona." Kasonia akatafuta kijana wa kusimamia moulin.

Roho gani? Chumba ya tantine ilikuwa nyuma kabisa, ukuta ya matofali ya kuchoma, dirisha kadogo, mulango ya kufunga. Na kiti. Kahongya aliona ile kiti, akasikia sawa mutu amepewa parcelle mu centre-ville.

Akaanza kuandika vizuri. Kila siku, saa ile ile, vile Monsieur anapenda.

"Kahongya. Nigeuze."

"Ngoja, tantine. Phrase moja."

"Phrase ni nini? Mugongo inaniunguza."

"Phrase ni kitu yenye haikuhusu."

Akimaliza paragrafu, anamugeuza. Kama paragrafu haikumalizika, hamugeuzi. Mugongo ya mama muzee ikafanya kidonda, nyekundu, kisha nyeusi pembeni. Kahongya akaandika juu ya ile kidonda, rangi yake, harufu yake, na Monsieur Hippolyte akatuma mikono ya kupiga makofi, ine kwa mustari. "Quelle vérité, Kahongya! Ukweli kabisa!"

Sasa, siku moja karibu na Pasaka, sujet ikafika: "Andika historique ya mutu mwenye angali muzima, sawa vile itasomwa ku matanga yake."

Historique, kila mutu wa Butembo anaijua. Mbele ya kuenda ku makaburi, mutu mumoja wa jamaa anasimama karibu na sanduku, anasoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, bazazi bake, masomo, masakramenti, namna ugonjwa ilianza, na namna alikufa. Ni uongo tupu. Mutu alikuwa anauma batu sawa imbwa, lakini siku ile anakuwa mupole, mukarimu, mupenda sala.

Éphraïm, fundi ya mapikipiki, akaandika mu groupe: "Monsieur, kwetu historique inaandikwaka maiti iko tayari mu sanduku. Kuandikia mutu muzima ni kumuita kaburini."

Monsieur akajibu: "Cher Éphraïm, bic haiogopake sanduku. C'est la littérature."

Kahongya akaangalia ku kitanda. Tantine alikuwa analala, mudomo wazi upande moja. Akaandika:

"Historique ya marehemu Mama Élise. Alizaliwa Kamango. Alipata ubatizo, komunyo, kipaimara na ndoa, na hakuna sakramenti moja yenye ilimuingia. Aliachiwa mutoto wa kaka yake, akamufundisha kutwanga kwa kumupiga na mutwangio. Alikuwa anakula mbele, mutoto analamba chungu. Ugonjwa ilimukamata mukono ya kushoto. Ile ya kulia, yenye alikuwa anapiga nayo, ikabakia muzima. Alikufa leo asubui kwa Kasonia, Rughenda. Mwenye alikuwa anamuchunga alisikia njaa, akaenda kukula."

Akaituma. Akacheka peke yake mule mu kiti, mukono ku mudomo.

Mu ile groupe kulikuwa Christa, mwimbaji wa choral ya paroisse. Christa hakufungua sujet ya asubui. Aliona "marehemu Mama Élise," akaruka katikati, akaona "alikufa leo asubui kwa Kasonia," hakungoja zaidi. Akaipeleka ku groupe ya choral. Choral ikaipeleka kwa bamama ya paroisse. Kutoka pale, Kamango. Kutoka Kamango, Kasindi. Nani anasomaka historique mpaka katikati? Batu banatafuta tu jina na fasi ya matanga.

Jua ikianza kushuka, bâche, turubai ya matanga, ilikuwa imefungwa mu parcelle. Viti ya plastike, kuni, mifuko ya unga, mbuzi moja tayari imechinjwa. Kasonia alikuwa ku soko kutafuta courroie, mukanda ya machine, Gracieuse ku saloon ya nywele. Hakukuwa hata mumoja wa kusema hapana. Bamama bakaingia na bikwembe bimefungwa ku kiuno, banalia vile banaliaka ku matanga.

"Eee Mama Élise! Eee mama yetu! Umetuachia nani!"

Mu chumba, tantine akafungua macho.

"Nani amekufa?"

Kahongya alishika simu kwa mikono mbili. Alikuwa amekwisha kuelewa.

"Nakuuliza, nani amekufa?"

"Wewe, tantine."

Mulango ikafunguliwa na nguvu. Jonathan, kutoka Kasindi, vumbi ku nywele, macho mekundu. Akaona mama yake anamuangalia. Akalia sauti sawa mutu ameshikwa na umeme, akaanguka ku magoti. Nyuma yake bamama bakasukumana ku mulango, mumoja akafanya alama ya musalaba, mwengine akakimbia kabisa, akaacha kiatu.

"Mama... ulikufa," Jonathan akasema. "Iko mu simu. Historique yote."

"Nani aliandika?"

Jonathan akasoma sasa yote, mpaka katikati. Akainua macho, akaangalia Kahongya ku kiti.

"Nibebeni inje," tantine akasema. "Huyu asome mwenyewe."

Bakamubeba, bakamuweka chini ya bâche, pale sanduku ingekaa. Batu bakakaa. Kasonia akaingia na courroie yake ku bega, akabakia amesimama. Na bote bakanyamaza. Kahongya akasoma.

Akafika ku mutwangio.

"Simama pale," tantine akasema. "Hapana mutwangio. Mutwangio ingekuvunja, na nani angenitwangia? Ilikuwa mwiko ya kusonga bugali. Sahihisha."

Mutu akacheka nyuma.

"Na ulisahau siku nilikulalisha na mbuzi. Aliiba kipande ya nyama, mubaya huyu. Usiku yote katoto kanalia meee, mbuzi inajibu meee. Asubui sikujua nitoe gani mu kamba!"

Sasa bote bakacheka. Kicheko ya matanga ni mubaya, inatoka na nguvu ya machozi yenye haikupata kazi. Mama mumoja akashika mbavu. Kasonia naye akacheka. Kahongya akasimama pale na simu, na mustari yake moja moja tantine anaichukua, anaigeuza, anairudishia batu, tamu kupita vile yeye aliandika. Aliona katoto kake, kale ka kulamba chungu, banakacheka tena.

Akamaliza. Hakuna mwenye alipiga makofi.

"Na hii?" tantine akasema. "Hii haukuitia humu. Jonathan, inua kikwembe."

Jonathan akainua ku mugongo. Kicheko ikakatika. Nzi moja ikakuja palepale.

"Kila siku namwambia nigeuze. Ananiambia phrase."

Jonathan akamupiga Kahongya kofi, simu ikaruka mpaka ku majivu.

"Usimupige," tantine akasema. "Utachosha mikono ya bure. Mumutoshe tu mu chumba yangu. Gracieuse njo atanichunga."

"Na huyu, moulin inamungoja," Kasonia akasema.

Kahongya akapiga magoti, na si kwa kuomba musamaha. "Tantine, uniache mule chumbani. Nitakugeuza. Kila wakati utasema, nitakugeuza."

Tantine akamuangalia na jicho lenye lilibakia na nguvu.

"Hauna wakati, mwanangu. Uko na kazi ya kuandika."

Mbuzi ilikuwa imekwisha kuiva. Bakaikula.

Kahongya akarudia ku moulin. Akajaribu, kweli akajaribu. Beseni inamwagwa, anaandika neno mbili, bamama banapiga kelele, machine inameza lile neno la tatu. Magaribi ikafika bila texte. Kesho yake pia. Monsieur Hippolyte alikuwa ameandika mu groupe: "Chers amis, tuheshimu mila ya batu." Sawa ile sujet ilianguka yenyewe ku mbingu! Kisha akamutosha. Beni ikasoma bila yeye.

Kisha Pasaka ikapita, na tantine bado muzima, amenona hata. Kidonda ikafunga, kwa sababu Gracieuse alijifunza kumugeuza. Siku moja Gracieuse akakuja ku moulin kutafuta unga ya uji. Makucha haina tena rangi. Akamuvuta Kahongya ku kikwembe, pembeni, mbali na machine.

"Tantine Kahongya, mule chumbani kuko kimya ya ajabu. Tantine Élise akilala, mawazo inanikuja, inanikuja tu. Ile groupe yenu... banaingiaka namna gani?"

Kahongya akajipangusa unga ku macho. Akamutajia numéro ya Monsieur Hippolyte, pole pole, Gracieuse anafinya simu. Chiffre ya mwisho akaitaja ya uongo, kwa makusudi.

"Wasingya, tantine, aksanti sana," Gracieuse akasema.

"Enda," Kahongya akamwambia. Akamwaga mahindi mu machine.