Baba Aliyekuja Amevaa Kitenge

Nilikuwa mtaa wa Nkende, hapa Tarime, nimekaa kwenye benchi la fundi wangu wa viatu nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mikononi mwake, simu ya binti yangu ilipoingia. Hakunisalimia. "Baba, Bruda amefariki." Nikamwuliza Bruda yupi, ingawa nilijua, maana nyumbani kwetu Bruda ni mmoja tu: mwalimu wa dini wa sekondari ya Kikatoliki aliyosoma binti yangu, kule njia ya Nyamwaga, mtawa kutoka Songea aliyeletwa Tarime akiwa kijana na hakutaka tena kuondoka. Alikuwa ameugua kwa muda, akafa kwa utulivu, akiwa amekwisha kupokea sakramenti zake. Fundi wangu, Mwislamu aliyerithi benchi hilo kwa baba yake, akashusha nyundo. "Yule aliyekuwa akiniletea mipira ya wanafunzi niishone? Mungu amrehemu. Alikuwa ananibishia bei, halafu anakaa hapa ulipokaa wewe, tunasahau bei." Nikainama nikalitazama lile benchi. Nilihuzunika, siwezi kuficha, lakini ilikuwa huzuni nyepesi, ya mtu anayeagana na mgeni aliyeshiba.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sina tabia ya kuwapamba marehemu. Bruda alikuwa mkali, mbishi, na sauti yake kwenye kwaya ilikuwa adhabu kwa waliosimama mbele yake. Lakini somo la dini alilifundisha kama mtu anayefundisha kuogelea: hakuridhika mpaka uingie majini. Binti yangu alipokuwa kidato cha kwanza alirudi likizo akiwa na kazi ya nyumbani ya ajabu. Nilitegemea aniulize amri za Mungu, nimkaririshe, nionekane msomi. Kumbe Bruda alikuwa amewaambia kila mmoja achague mtu mmoja aliyekosana naye, wapatane, kisha arudi kuwaeleza wenzake ni neno gani lilikuwa gumu zaidi kutamka. Binti yangu alikuwa amekosana na shangazi yake kuhusu kuku. Siku mbili nzima nyumba ilikaa kwa wasiwasi. Siku ya tatu nikawakuta jikoni wakichambua mboga pamoja, hawataki hata kunieleza ilikuwaje. Nikajua shule hiyo nimeilipia ada halali.

Jambo moja tu lilimshinda Bruda kwa miaka mingi, nalo ni sisi akina baba. Huku kwetu mwanaume hupita kilima na bonde kumtafuta ndama aliyepotea, lakini ukimwuliza mwanawe yuko kidato cha ngapi anamgeukia mkewe. Kikao cha wazazi kikiitwa, bwalo linajaa vitenge. Bruda akachoka. Mwaka ambao darasa la binti yangu lilikuwa linajiandaa kwa Kipaimara, alitangaza kwamba sikukuu ya Mtakatifu Yosefu itakuwa siku ya akina baba. Kila mtoto aje na baba yake. Baba atamwekea mwanawe mkono kichwani na kumbariki mbele ya wote. Asiye na baba alete baba mdogo, au babu, au mjomba, ilimradi mwanaume. Asiyeleta mtu hatapokea Kipaimara Askofu atakapokuja, atasubiri mwaka mwingine. "Na akija mama peke yake," akasema, "nitamrudisha getini, hata kama ameniletea jogoo." Nia ilikuwa njema. Kosa lake ni kwamba, pamoja na miaka yote aliyokaa nasi, hakuwa amezijua nyumba zetu zote.

Tukaenda. Masika yalikuwa yameanza, barabara imekuwa ugali. Tulishuka kwenye magari ya Noah tukiwa na matope hadi magotini, koti begani na fimbo mkononi, tukisalimiana kwa sauti kubwa ili isionekane kwamba tunaona haya. Mfanyabiashara mmoja wa nguo kutoka Mugumu, Mwislamu, naye alikuwepo kwa sababu binti yake alisoma pale. Alisema yeye Kipaimara hakijui lakini akiitwa baba anaitika. Tulikuwa bado tunakung'uta viatu tuliposikia ubishi getini. Bibi mmoja kutoka Susuni, mrefu, amejifunga kitenge na kushika fimbo kama zetu, alikuwa amesimama mbele ya mlinzi.

"Shikamoo bibi. Leo ni siku ya akina baba," mlinzi alisema.

"Marahaba. Ndiyo hiyo nimekuja. Fungua, mura, kijana wangu."

"Baba mwenyewe yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Baadhi yetu tukacheka. Mkurya yeyote aliyekuwa pale alielewa mara moja. Kwetu, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, ili watoto atakaowazaa huyo na mwanaume wa nje wawe wa nyumba yake na jina lake lisizimike. Tunaiita nyumba ntobu. Sisemi ni desturi isiyo na dhambi; najua wasichana wadogo walioozwa kwa njia hiyo bila kuulizwa, na hilo nalilaani. Lakini watoto waliozaliwa katika nyumba hizo wapo, wanakaa madarasani na watoto wetu, na hawakuchagua mlango wa kuingilia duniani. Mmoja wao alikuwa amesimama ndani ya geti, msichana wa kidato cha pili, ameinamisha macho chini. Hakuwa amemweleza mtu yeyote shuleni. Wenzake sasa walikuwa wamejaa madirishani, na kicheko chetu kilikuwa kimewafikia.

Bibi alituangalia sisi tuliocheka, mmoja mmoja, hadi kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akamwita mjukuu, au mwana, mwite upendavyo. "Kalete tranka lako. Kama mimi si mtu hapa, na wewe huna shule hapa. Tunarudi." Haikuwa hasira ya maneno matupu. Kila mtu aliyemsikia alijua kwamba tranka lile likipita getini halitarudi, na kwamba huko nyumbani msichana wa umri ule haachwi muda mrefu kabla wageni hawajaanza kuja kuhesabu ng'ombe. Msichana akageuka, akaanza kuelekea bwenini polepole.

Ndipo Bruda akafika, kanzu yake imepandishwa kukwepa matope. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei akamwahi sikioni, ingawa kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, akamweleza nyumba ntobu ni nini na kwa nini mtu huyu asikae na akina baba. Bruda alisikiliza. Niliona uso wake ukibadilika, kama anayehesabu moyoni ni watoto wangapi aliowaweka katika shimo hilo kwa tangazo lake. Kisha akamgeukia bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, huyu mtoto wewe ni nani wake?"

"Ng'ombe nilitoa mimi," bibi akasema. "Ada nalipa mimi, kwa ndizi na mahindi. Akiugua nambeba mimi. Ulisema aje baba. Sasa niambie, Bruda, kuna mwingine unamjua?"

Bruda akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta mfukoni muda wote. "Hakuna," akasema. "Mlinzi, fungua geti. Na wewe binti, acha tranka, njoo umpokee baba yako." Mwenyekiti hakukubali. "Bruda, ukimkalisha pale umebariki ndoa ile!" Bruda akamjibu bila kupunguza mwendo, "Mwenyekiti, bruda si padri, habariki ndoa yoyote, hata ya kwako. Mimi nakaribisha mzazi." Akamshika bibi mkono, akamvusha matope, akamkalisha benchi la mbele katikati yetu, kati yangu na yule Mwislamu wa Mugumu. Hotuba aliyokuwa ameiandaa aliitupa. Alisimama akatuuliza swali moja tu: Yosefu, ambaye leo mmekuja kumheshimu, alimzaa nani? Kila mmoja wetu alijua: Yesu hakumzaa, alimlea. "Basi," akasema, "tuanze kubariki."

Wasomaji, niwaambie ukweli: kumwekea binti yako mkono kichwani mbele za watu ni kazi ngumu kuliko kulima. Tuliangaliana. Bibi hakumsubiri mtu. Aliinuka, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha yule msichana, akasema kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu anayezungumza na Mungu aliye ng'ambo ya bonde: ukue, uzae au usizae, uheshimiwe, mlango wako usikose mgeni. Msichana alilia, lakini kichwa alikiinua. Baada ya hapo ndimi zetu zikafunguka. Nilimbariki binti yangu kwa maneno ambayo sikujua kwamba ninayo. Kipaimara walipokea wote waliokuwa wakijiandaa, na mwaka uliofuata Bruda alibadilisha tangazo. Alisema: mje na yule anayewabeba.

Siku hizi nasikia kipindi cha dini katika shule nyingi kinaliwa na hisabati, kwa sababu dini haiongezi daraja katika mtihani wa taifa. Watoto nao wana mahubiri kwenye simu, ya kila aina, usiku na mchana. Sina ugomvi na hisabati wala na simu. Nasema tu kwamba simu haiwezi kutoka ofisini na kuja getini kukiri kwamba tangazo lake lilikuwa na tundu. Dini niliyoiona siku ile ilikuwa na matope kwenye pindo la kanzu.

Tulimzika Bruda Ijumaa, katika makaburi ya watawa nyuma ya shule. Mdogo wake wa kike alikuwa amesafiri kutoka Songea, amechoka hadi hawezi kusema. Yule msichana wa Susuni alikuwepo, sasa ni mwalimu wa dini huko Serengeti, na alikuwa amemshika mkono bibi ambaye umri umempindisha lakini haujamlainisha. Ulipofika wakati wa mashada, mshereheshaji akasoma kama ratiba ilivyoandikwa: "Tunawaomba wazazi wa marehemu." Wazazi wa Bruda walikufa zamani. Ratiba ilikuwa imenakiliwa tu kutoka msiba mwingine. Mshereheshaji alikuwa anafungua mdomo ili aruke mstari, ndipo tukasikia fimbo ikigonga ardhi. Bibi alikuwa amesimama.

"Nipo," akasema. "Mimi ndiye baba yake."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wake Bruda akainuka, akamshika mkono wa pili, wakaenda watatu hadi kaburini. Mwenyekiti yule yule, mvi kichwa kizima, akawapisha njia na kumpa bibi shada kwa mikono miwili. Nami nikajifunza, uzeeni, kwamba mlango unaomfungulia mtu leo ndio atakaoingilia siku ya kukuzika.