Pesa ya Mvua

Kwetu Kamembe, ukijengewa nyumba humlipi fundi hadi senti ya mwisho siku anaposhuka kwenye paa. Sehemu ndogo unaikalia mpaka mvua ya kwanza ipige mabati. Ikivuja, fundi anarudi kuziba. Isipovuja, anachukua chake. Tunaiita pesa ya mvua. Hakuna anayeiandika, mnaisema mbele ya mashahidi, mnakunywa fanta, imekwisha.

Mimi na fundi wangu tuliisema mwezi wa tatu, kwenye kibaraza cha duka langu la vitenge, na mvua ilikuwa kali hata ikabidi tupaze sauti. Siku ile hakuna ambaye angefikiri mvua inaweza kuadimika. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu vya kupangisha, nyuma ya duka. Kuta zilipanda haraka. Mwanzoni mwa mwezi wa tano fundi akaniambia yuko tayari kwa paa, na hapo nikaingia mimi. Muuza mabati alitaja bei yake, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tulichekeana hivyo karibu mwezi mzima. Nilipata punguzo zuri, bado nalikumbuka kwa mapenzi, lakini mabati yalipofika mvua ilikuwa imeshaaga.

Fundi akapigilia msumari wa mwisho, akafuta mikono, akaja dukani kudai. Nikamwonyesha mbingu. Ilikuwa ya buluu kama ndoo ya plastiki.

"Papa, mvua bado."

"Maman, mvua haiko mutumishi wangu," akajibu bila haraka.

Shida yake niliijua. Kijana wake alikuwa anaoa mwezi wa nane, binti wa wakulima wa mpunga kule Bugarama, na wazee wa binti walitaka kumwona ng'ombe wa mahari kabla ya harusi. Si kuahidiwa ng'ombe, kumwona. Harusi yenyewe iliwekwa kiangazi ili wageni wasilowe. Yaani fundi alikuwa anamwomba Mungu kiangazi kwa ajili ya kijana wake na mvua kwa ajili yangu. Nilimshauri achague ombi moja.

Kesho yake akaja na ndoo, akapanda, akamwaga maji juu ya paa mpaka ua ukawa tope. Nilisimama ndani nikitazama juu. Halikuvuja. Nikamwambia maji ya ndoo yanashuka kistaarabu, mvua ya hapa inatoka ziwani na upepo wake, inakuja kwa ubavu. Akasema basi ataondoa misumari yake aende. Nikamkumbusha kwamba misumari niliinunua mimi, na niliihesabu mara mbili.

Ndipo tukaenda kwa abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa na majirani kusikiliza ugomvi kabla haujafika mahakamani. Kila upande ulichagua mmoja, na hao wawili wakamchagua wa tatu. Fundi alimchagua mzee aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kama yeye. Mimi nikamchagua mama muuza mchele ambaye soko lote linajua hajawahi kuachia punje ianguke bure. Nilijua pesa yangu iko mikononi salama. Wa tatu alitoka moja kwa moja kwenye zamu ya kiwanda cha saruji, akasinzia bila kupendelea upande wowote.

Walianza na fundi. Bati likishapigiliwa ni la nyumba, wakamwambia. Ana haki ya kudai, hana haki ya kubomoa. Nikatabasamu. Kisha mama wa mchele akanigeukia, akauliza fundi alikuwa tayari kwa paa lini, mabati yalifika lini, na katikati hapo mvua ilikuwa inanyesha au hapana. Nikajibu. Nilipomaliza kujibu, tabasamu lilikuwa limehamia upande wa pili.

"Maman, sharti lako ni sawa," akasema. "Lakini ni weye njo ulimupitisha fundi mvua yake. Huwezi kumunyima mvua, kisha umudai mvua."

Nikataja nusu, papo hapo, kama ninavyofanya sokoni.

"Nusu ya ng'ombe haitembei," fundi akasema, na hata yule wa kiwandani akaamka kucheka.

Wakaamua hivi: nilipe yote ndani ya wiki, fundi abaki na wajibu wa paa mpaka mvua inyeshe, na kwa dhamana aniachie ngazi yake ndefu. Niliomba na timazi yake ya kupimia kuta pia. Nikanyimwa. Tukatia sahihi, nikalipa, ng'ombe akatembea hadi Bugarama.

Ngazi ikalala kwenye korido yangu. Fundi alikuwa anakuja kuiazima kwa kazi zake nyingine, nami nilimwazima, mradi kila mara aniachie baiskeli yake.

Sherehe ya harusi ilifanyika Kamembe, chini ya hema, si mbali na duka langu. Nilialikwa. Keki ilikuwa haijakatwa ngurumo ilipopiga, mwezi wa nane, bila aibu. Watu wote walikimbilia ndani ya hema. Wawili tu walikimbia kutoka.

Mimi na fundi tulifika kwenye nyumba yangu tumelowa. Chumba cha kwanza kikavu, cha pili kikavu. Cha tatu, tone moja likaanguka pembeni, juu ya kiatu cha fundi kilichong'arishwa kwa ajili ya harusi.

"Ile njo mvua ya ubavu," nikamwambia.

Akaomba ngazi. Nikatazama nje: baiskeli hakuja nayo. Akavua koti la suti, akanikabidhi bila kuulizwa, akapanda kwenye mvua ile ile, akakaza msumari mmoja. Tukangoja. Nikazunguka vyumba vyote, kisha nikavizunguka tena. Pakavu.

Nikamrudishia koti na ngazi. Akarudi harusini ameibeba ngazi begani, akaiegemeza mahali palipokuwa wazi, kando ya meza ya zawadi na bahasha. Msema-chochote, mshereheshaji wa harusi, alikuwa anazitangaza. Akaiona, akatuona sisi, akawaomba wageni wampigie makofi Maman wa vitenge kwa zawadi ya ngazi ndefu kwa maharusi.

Makofi yalikuwa mengi. Sikuona sababu ya kuyakatiza. Fundi akapiga makofi pia, kisha akaniinamia sikioni.

"Na bahasha, Maman?"