Tangazo Lililopitiwa na Maprofesa Wawili

Wiki jana nilikuwa nimeketi katika ofisi ya chama kimoja cha wasomi hapa Nakuru, binti kutoka Molo mwenye digrii mbili akamwekea katibu simu mezani.

"Daktari, hii kazi mmeiweka kwa website yenu leo, na maombi yake yalifungwa mwezi uliopita."

Katibu alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Kila tangazo lazima lipitiwe na maprofesa wawili. Hili tulilirudisha mara mbili lirekebishwe."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Jiandikishe kwa mafunzo yetu ya kutafuta kazi. Mada ya mwezi huu ni kuzingatia muda."

Binti alijaza fomu papo hapo. Katibu akaiweka juu ya rundo linalosubiri maprofesa wawili. Kwao Molo, wanakolima viazi, hata kiazi hakisubirishwi hivyo kisije kikaoza.