Fimbo ya Trekta na Kokwa za Mbula

Sisi tuliokulia Usoke tulikuwa watoto wa moshi. Moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ulituingia kwenye nywele, kwenye madaftari, hata kwenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotuchemshia mama. Njia nzima ya kwenda shule ilikuwa shikamoo tupu. Ukiruka mzee mmoja, habari ilifika nyumbani kabla yako. Jioni tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ufumuke. Nikiwasimulia wanangu hapa Ipuli, Tabora mjini, hunitazama kwa huruma, kama watu waliosikia kwamba tuliishi bila maji.

Kuna siku moja lakini ambayo sijawahi kuwasimulia.

Baba na wakulima wenzake walikuwa na trekta dogo la pamoja. Msimu mmoja, mvua zikikaribia, silinda ya haidroliki inayogeuza magurudumu ya mbele ilianza kuvuja. Mafuta yalidondoka kila liliposimama, na usukani ukawa mgumu hadi dereva akawa anakata kona kwa kuning'inia. Akaitwa Fundi Bukuru wa Ulyankulu, mtu wa asili ya Burundi, mpole, aliyefika kwa baiskeli akiwa na rozari shingoni.

Aliifungua silinda uani kwetu. Akachomoa fimbo yake ya chuma, inayong'aa hadi niliiona pua yangu ndani yake, akailaza juu ya gunia safi.

"Eliza mwanangu, hii usiiguse," akaniambia. "Ikipata mkwaruzo hata kidogo, sili mpya, huu mpira wa kuzuia mafuta, itachanika."

Kisha akaenda kula ugali na baba.

Mimi nilikuwa na mbula mfukoni. Aliyekula mbula anajua: nyama yake tamu, lakini utamu wenyewe umo ndani ya kokwa, na kokwa ile ni ngumu kama jiwe. Siku zote tuliivunja kwa mawe. Siku hiyo nikaona chuma kizuri kimelala bure. Nikaweka kokwa juu ya jiwe, nikapiga. Ya kwanza ikapasuka. Ya pili nikaikosa, chuma kikagonga jiwe, mikono ikafa ganzi. Nikaifuta fimbo kwa gauni na kuirudisha kwenye gunia.

Fundi akafunga sili mpya, akajaza mafuta, akageuza usukani kushoto na kulia mpaka hewa ikatoka. Watu wakapiga makofi. Kesho yake, katikati ya shamba, mafuta yakamwagika kuliko mwanzo.

Fundi akarudi, akafungua tena. Nilisimama mlangoni nikimwona anapitisha kidole taratibu juu ya ile fimbo. Kidole kikasimama.

"Umefunga sili za zamani," baba akasema mbele ya wakulima wote. "Mpya umeziuza. Ndiyo shida ya kuwaamini wakimbizi."

Neno lilinijaa mdomoni. Nilimwangalia baba, nikaangalia mkanda wake, nikameza.

"Niwieni radhi, wazee," fundi akajibu. Akakusanya spana zake, akapanda baiskeli. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Usoke. Trekta lilikaa uani msimu ule mzima, na sisi tukalima kwa majembe. Kila niliponyanyua jembe, niliona kidole kile kikisimama.

Mwaka jana, baba akiwa ameshazikwa, nilipanda basi kwenda Ulyankulu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, macho yamefifia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. U wa nani?"

Nikajitambulisha, nikamweleza yote nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Kipande cha ganda la mbula kilikuwa kimenasa kwenye gunia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Baba yako alikuwa na hasira siku ile. Angekuumiza. Mimi nilikuwa na baiskeli, ningeweza kuondoka. Wewe ungeenda wapi?"

Nilidhani nikiungama nitapumua. Nilirudi Tabora nikiwa mzito zaidi.

Juzi mwanangu wa mwisho alikuja na simu yangu imepasuka kioo. "Mama, nimeiangusha, samahani," akasema, halafu palepale akaulizia chakula. Sisi, enzi zile, nani angethubutu? Tulikuwa na heshima, tuliinama tukisalimia, tulipokea mizigo ya wazee njiani. Hawa wa leo hata kusimama mgeni akiingia ni mpaka wakumbushwe, na michembe wanaiita mizizi.

Lakini wenzangu wa rika langu wanapokutana kwenye harusi na kujisifu kwamba watoto wa zamani tulilelewa, mimi huangalia chini. Nasikiliza, natabasamu inapobidi, na kimoyomoyo nawaonea wivu watoto wa siku hizi.