Ukalimani kambini Kigoma ulinionyesha kazi inaishia wapi na taaluma inaanzia wapi

Wakuu, salaam kwenu, walio macho na wanaosinzia na simu mkononi.

Juzi humu kulikuwa na ubishi: kazi ipi ni taaluma na ipi ni shughuli tu ya kupata ugali. Wengine wakasema cheti, wengine wakasema kuvaa tai. Nami nina kisa changu, cha kweli kabisa. Chumvi kidogo itakuwemo, Uvinza wanakochimba chumvi ni jirani zetu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Nimetoka kumaliza shule ya jioni, kichwa kimejaa Kiingereza mpaka nikipiga chafya inatoka past tense.

Nikapata kazi ya ukalimani kwenye zahanati ya kambi moja, mbele ya Kidahwe. Daktari mgeni, anajua Kiingereza tu. Wagonjwa Warundi. Mimi Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja.

Nikaona nimeokota dodo chini ya mchikichi.

Msimamizi wetu alikuwa Mama Zainabu, mtu wa Ujiji. Siku ya kwanza akaniapisha. "Utasema lililosemwa, basi. Ukitaka kusema lako, mwambie daktari hili ni langu. Na ya mle ndani yafie mle ndani."

Nikacheka. "Mama, kwani hii si kuongea tu? Hata kuku wa mtaani kwetu Gungu wanaelewa Kirundi."

"Basi waite hao kuku waje waape."

Siku moja akaja binti, kaletwa na baba mkwe wake. Nitamwita Mzee Bukuru, si jina lake. Mzee akakaa katikati, fimbo magotini.

Daktari akauliza anaumwa nini. Binti akatazama sakafu. "Kichwa."

Nikatafsiri: kichwa. Daktari akashika kalamu amwandikie vidonge.

Sasa hapo Muha yeyote angeshtuka. Kwetu na kwa Warundi, mwanamke hataji mambo ya mwili wake mbele ya baba mkwe, hata kama roho iko mlangoni. Na binti alikuwa anatetemeka. Daktari angejulia wapi?

Nikakumbuka kiapo. "Daktari, alilosema ni kichwa. Linalofuata ni langu: mwombe mzee apumzike nje."

Mzee akatoka, kanuna. Binti akasema yote.

Akalazwa saa ile ile, akapona. Daktari alisema angerudi nyumbani na vile vidonge, tungemzika.

Aliumwa nini? Wakuu, msijisumbue.

Kesho yake Mzee Bukuru akaniita soko la kambi. Chungu cha pombe ya ndizi, mrija mmoja. Kwa wazee wale ukipewa mrija umekuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hafichi neno.

Nikavuta. Nilivuta mpaka Ziwa Tanganyika likapungua kina.

"Haya mwanangu. Mkaza mwanangu ana nini?"

"Mzee, ndizi zako ziliiva vizuri."

"Nimekuuliza."

"Shikamoo tena, Mzee. Lakini hilo muulize mwenyewe."

Akaninyang'anya mrija. "Muha gani wewe! Damu moja, halafu unanificha ya nyumbani kwangu?"

Akatangaza kambi nzima kwamba nina kiburi. Watu wakaacha kunisalimia. Hapo niliumia kweli, maana mimi bila salamu ni ugali bila mgebuka, samaki wa ziwa letu.

Nikamwambia Mama Zainabu naacha, heri nikauze dagaa soko la Mwanga, mjini Kigoma.

"Dagaa hawakimbii," akasema. "Ngoja kwanza."

Haikupita muda, nikamwona Mzee Bukuru kwenye foleni. Peke yake, anatembea kwa tabu, kajifunga blanketi kiunoni. Mwenzangu mmoja, anayeongea Kirundi kitamu kunizidi, akamkaribisha vizuri tu.

Mzee akatikisa kichwa. Akainua fimbo, akanielekezea mimi.

"Nataka yule," akasema. "Yule mwenye kiburi."

Wakuu, Kirundi tulikijua wote pale, pamoja na kuku wangu. Kazi ni kile unachoweza kufanya. Taaluma, kwa nilivyoona mimi, inaanza pale unapoweza, unaombwa, hata mrija umeshapewa, na bado hufanyi. Ndipo mtu anakupa lile ambalo hata ndugu yake hampi.

Wauguzi, madereva, mafundi cherehani wa humu, karibuni: kwenye shughuli yako, ni lipi hutalifanya hata ukiwekewa chungu kizima?

Ila anayetaka kujua mzee aliumwa nini, apite zake tu.