Kisima cha Dada

Watu walimwita Fuko, na jina lilimkaa sawasawa, maana zaidi ya nusu ya maisha yake aliyapitisha chini ya ardhi. Alikuwa mchimba visima. Mfupi, mabega mapana, magoti yamesagika, na mbishi wa kupindukia. Ukimwambia jua limetoka, atatoka nje kwanza akahakikishe. Mtu mmoja tu duniani ambaye Fuko hakuwahi kubishana naye ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Dada alikuwa dobi. Kisima cha kwanza ambacho Fuko alikichimba peke yake alimchimbia yeye, uani kwake. Siku maji yalipotoka alimwambia, "Dada, hiki ni chako mpaka uzeeke." Na kwa miaka mingi dada alifua hapo nguo za mtaa mzima, akiteka na kukamua tangu asubuhi, kamba za kuanikia zimejaa shuka za watu.

Kulikuwa na mazoea kati yao. Kila Fuko alipopata maji kwenye kisima kipya, alijaza kikopo akampelekea dada ayaonje. Wenye visima walicheka, lakini walisubiri. Dada aliyazungusha mdomoni, akatoa hukumu: haya yana kutu, haya ya kufulia tu, haya mpe hata mgonjwa.

Wakati huo mtaa ulikuwa nyumba chache na vichaka. Kisha watu wakaja. Walikuja kwa sababu zile zile zinazomhamisha mtu yeyote, kazi, ndoa, ukame walikotoka, na walipofika wakazaa kama sisi sote tunavyozaa. Kiwanja kilikatwa viwili, na nusu nayo ikakatwa. Vichaka viliishia jikoni. Bwawa dogo lililokuwa bondeni lilifukiwa, zikaota nyumba juu yake. Nyumba zikawa pua na mdomo, ukipiga chafya kwako, jirani anakupa pole akiwa kitandani kwake. Na kila mwenye nyumba alitaka kisima.

Fuko alichimba. Kisima cha mwaka huu kililazimika kuwa kirefu kuliko cha mwaka jana, na mwenye kile cha mwaka jana alirudi kulalamika, naye Fuko akashuka tena kumwongezea kina. Alijua maji ya chini yanazidi kupungua, mtu anayeshinda shimoni asijue yeye ajue nani? Lakini alijiambia kisima kimoja zaidi hakitamaliza maji ya dunia. Wachimbaji wenzake nao walijiambia hivyo hivyo, na kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha.

Ikafika zamu ya jirani wa dada, mwanamke mwenye nyumba ndefu ya kupangisha, ambaye mtaa ulimwita Mama Vyumba.

"Fundi, wapangaji wangu wanahama kwa kukosa maji. Nichimbie hapa, karibu na ukuta."

"Hapo ni karibu mno na kisima cha dada yangu."

"Basi kamuulize mwenyewe. Akikataa, yameisha."

Fuko akaenda, akiomba moyoni akataliwe. Dada alikuwa akikamua shuka.

"Chumba cha mwisho kule kuna mama ana pacha wachanga," alisema. "Nimemwona anawaogesha kwa maji ya kikombe. Chimba, mdogo wangu."

"Chako kitakauka, dada."

"Kwani kimekauka? Nenda kachimbe. Usinichoshe."

Akachimba, shingo upande. Maji yalitoka mengi, akazunguka ukuta na kikopo chake kama kawaida. Dada aliyazungusha mdomoni. Safari hii hakutoa hukumu. Aliyameza, akabaki anakitazama kikopo.

"Haya nayajua," alisema. "Haya ni yangu."

Kwa mara ya kwanza Fuko alitaka kumbishia, lakini alijua dada anasema kweli.

Haikuchukua muda, ndoo ya dada ikaanza kupanda na tope. Fuko akashuka kuongeza kina, akakutana na mwamba. Aliupiga sururu mpaka viganja vikachanika, na mwamba hata haukutoa ufa.

"Toka humo," dada aliita kutoka juu. "Toka, utaniletea msiba bure."

Kazi ya kufua ikafa. Mama Vyumba hakuwa na roho mbaya, alimruhusu achote ya kunywa na kupikia, lakini maji ya kufulia mtaa mzima huwezi kumwomba jirani. Dada, ambaye mikono yake haikujua kutulia, akawa anakaa kibarazani ameikunja mapajani. Hilo lilimuuma Fuko kuliko yote.

"Kifukie," dada alimwambia siku moja. "Mtoto wa mtu atatumbukia. Halafu nijengee chumba juu yake nipangishe. Lazima nile."

Fuko hakuwahi kufukia kisima maishani mwake. Alimwaga udongo karai baada ya karai, akashindilia, akalia, na wala hakujificha. Chumba kikasimama, kuta za tofali na bati juu.

Wapangaji wa kwanza walikuwa mume na mke vijana, na watoto watatu, mke akiwa na mimba kubwa. Walikipenda chumba. Mke alipapasa ukuta akatabasamu.

"Na maji, shangazi?" aliuliza. "Kisima kiko wapi?"

"Hakuna," alisema dada. "Huyu ni mdogo wangu, ndiye fundi wa visima. Muulizeni yeye."

Uso wa mume ukachangamka. "Basi tuna bahati. Utatuchimbia hata kadogo, kaka."

"Hapa hakuna maji," alisema Fuko.

"Maji yapo," mume alimjibu kwa upole. "Ni kuchimba tu mpaka uyafikie."

Yalikuwa maneno ya Fuko mwenyewe, aliyowaambia wateja miaka yote. Dada akawakabidhi ufunguo, akawatakia heri. Kisha akaingia kwake na kufunga mlango, na pale uani wote wakamsikia akilia.